Nimeambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Je, nimefeli mtihani wa akili?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Bugarika hapa Mwanza, nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba. Nina kilo 124 na urefu wa mita 1 na sentimita 60. Nakutajia mapema usije ukadhani ni zile kilo mbili tatu za kulalamikia wakati wa kushona sare ya harusi.

Kisukari ninacho mwaka wa sita, presha mwaka wa nne. Nyumba yetu iko juu, kwenye mawe. Zile ngazi nilizokuwa nazipanda na ndoo ya maji kichwani sasa nazipanda kwa vituo vitatu: kwa fundi cherehani, kwenye lile jiwe la wauza mchicha, na getini kwa mwalimu. Kila kituo nina sababu yake. Kwa fundi nauliza kama nguo ya mtoto iko tayari, na mwaka mzima hakuna nguo ya mtoto niliyopeleka. Kwenye daladala konda ananiambia "mama, wewe ni siti mbili," watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Bodaboda wa hapa chini wananifahamu, wakiniona kwa mbali kuna wanaokumbuka ghafla kwamba wana abiria anawasubiri.

Nimejaribu yote. Ndimu na tangawizi, chai ya kukondesha, kuacha wanga, kutembea asubuhi hadi Mkuyuni. Mara moja nilipungua kilo 11. Zikarudi 15.

Mwaka jana nikasema basi. Nikauza kiwanja changu cha Kisesa nikaenda Dar kwenye hospitali moja wanayofanya upasuaji wa kupunguza tumbo. Daktari mpasuaji alinipokea vizuri. Nikapima damu, moyo, na ile kamera wanayoiteremsha kooni. Akasema nafaa, umebaki mtu mmoja tu, mwanasaikolojia. Nikadhani ni dakika kumi za kusaini fomu.

Shangazi, nilikaa saa moja na nusu. Ni binti mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akanijazisha karatasi za maswali, halafu akaanza: unene ulianza lini, nakula nikiwa na nani, nalala vipi, nakunywa kiasi gani, nimewahi kutamani kufa. Mpaka hapo nilikuwa imara. Akauliza, "Ulipokuwa mtoto, nani alikuwa anapakua chakula nyumbani?" Nikalia. Mpaka leo sijui kwa nini lile swali. Alikuwa anapakua bibi, basi, kuna nini hapo? Yule binti akaandika, akasema tuonane mara kadhaa kwanza, halafu baada ya miezi mitatu tuzungumze tarehe.

Nimerudi Mwanza kama mtoto aliyefeli darasa la saba. Mume wangu aliposikia alicheka, "Kumbe wamekuona wa Mirembe." Yeye hili jambo hakulipenda tangu mwanzo. Anasema alinioa nina mwili wangu, nikikonda ghafla mtaa utasema nina ngoma, au kwamba hanilishi. Mama mkwe ndiye kabisa. Kwake unene ni mapato ya mwanawe kuonekana.

Sasa kuna kundi la WhatsApp la watu waliofanyiwa na wanaosubiri. Mmoja kanitumia majibu. Sema hunywi pombe. Sema unalala usingizi mzuri. Sema mumeo anakuunga mkono. Ukiulizwa kuhusu kula usiku, kataa. Ukiulizwa huzuni, sema ulikuwa nayo zamani ukaokoka. Nimeyakariri. Kaka yangu naye anasema hayo yote ya nini, kuna hospitali nje ya nchi unalipa unaingia, hakuna anayekuuliza bibi yako.

Kusema kweli usiku huwa naamka saa nane au saa tisa nakula kidogo, hasa wiki za mbalamwezi kazi ikiwa imelala, lakini nani hali? Ni kiporo tu, simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, tochi inatazama ukuta ili nisiamshe watu. Ilianza baada ya mwanangu wa pili kufariki, 2019. Na bia nakunywa na wifi yangu wikiendi, si nyingi.

Naomba unisaidie. Nitumie yale majibu? Nimsikilize kaka? Na huyu mume nimfanyeje?

Ni mimi Mama wa Mawe, Bugarika

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeeleza kwa kirefu mizani, ngazi, konda, mume na mama mkwe. Jikoni umepapitia, umeshatoka mlangoni kabla sijakaa. Na mimi nitakurudisha hukohuko jikoni, ila kwanza nikutoe hofu.

Hujafeli. Kule hakuna mtihani. Uwiano wako wa uzito na urefu, ule wanaouita BMI, tuupige hapa hapa: kilo 124 gawanya kwa 1.6 mara 1.6, unapata 48 na ushee. Kipimo walichokubaliana madaktari wa Marekani mwaka 1991 kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari, na mwaka 2022 wataalamu wa kazi hii wakashusha wakasema hata 35 bila ugonjwa inatosha. Wewe umevuka mbali. Mpasuaji hakukosea, unastahili. Yule binti naye hakusema hustahili. Amesema bado. Na kwenye kazi hii hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: wanaokataliwa moja kwa moja ni wachache, wanaocheleweshwa ili kitu fulani kitengenezwe kwanza ndio wengi. Watakaosimamishwa ni mtu anayelewa kila siku, anayesikia sauti na hajaanza dawa, anayejitapisha kila akila, anayepanga kujiua wiki hii, au asiyeelewa anachokwenda kukatwa. Sidhani wewe umo.

Kuhusu Mirembe: ile ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, inatibu watu, na wengi wanatoka wakiwa wazima kuliko wanaowacheka. Hilo mwambie mumeo kwa niaba yangu.

Sasa hayo majibu uliyoyakariri.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, miaka mingi, hapa hapa Kanda ya Ziwa. Kuna mzee mmoja mvuvi aliletwa kutoka visiwani, ana ngiri. Mara ya kwanza presha ilikuwa juu, akarudishwa. Nauli ya boti, mjukuu wa kumsindikiza, kulala kwa ndugu, vyote vikaenda bure. Mara ya pili amekuja amejiandaa. Nikamuuliza mimi mwenyewe, mlangoni, kama nilivyowauliza maelfu: "Baba, umekula chochote tangu usiku?" Akanitazama usoni, akasema sijala. Kumbe alfajiri yule ndugu alimwonea huruma, akampa bakuli la uji wa ulezi. Alipolazwa na dawa ya usingizi, uji ule ukapanda na kuingia mapafuni. Alikaa mashine wiki tatu. Alipona, na siku aliyopata sauti nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sista, ningesema, mngenirudisha."

Ni kweli tungemrudisha. Hadi kesho yake.

Namkumbuka sana nikisoma mtu anatumiwa majibu ya kukariri. Yule mzee hakutaka kumdanganya mtu kwa ubaya. Alitaka tu kisu kisiahirishwe. Na sisi tukaandaa dawa kwa ajili ya mtu mwenye tumbo tupu, ambaye hakuwepo mezani. Ukimpa yule binti majibu ya kundi, atamwandalia upasuaji mama mmoja ambaye hanywi, analala, mume anamsindikiza, usiku hali. Mama huyo simfahamu. Ninayemfahamu mimi ni yule wa chupa ya chai.

Haya, turudi jikoni.

Umeniuliza "nani hali?" Mwanangu, wengi tunakula usiku. Mtu anayetoka shambani amechelewa anakula saa tano, dereva wa lori anakula saa nane, na hakuna wa kumuuliza. Lakini yeye hageuzii tochi ukutani. Kinachonishtua si kiporo, ni kuficha, na ni ile tarehe uliyoibandika mwishoni kana kwamba ni namba ya nyumba: 2019. Na kingine hujakiona mwenyewe, japo umekiandika. Umesema ni wiki za mbalamwezi. Wasomaji wa mbali hawajui, kwa hiyo niwaeleze: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukijaa taa haina kazi, mitumbwi inapaki, na Mwaloni panapoa kwa siku kama kumi. Wiki za giza unaamka alfajiri kugombania mzigo, unabeba, unahesabu, unagombana na wapima ndoo, mwili unachoka. Kwa hesabu ya njaa, wiki hizo ndizo ungekula sana. Wewe unakula wiki ambazo hujafanya kazi. Hiyo siyo njaa ya tumbo. Sitakueleza ni ya nini, kwa sababu kumzika mtoto sijui kunaacha nini ndani ya kila mtu, na hiyo ni kazi ya yule binti wa umri wa mdogo wako. Nilipenda swali lake la nani alikuwa anapakua, nikuambie ukweli. Mimi nisingelifikiria.

Kwa nini lakini hilo limhusu mtu wa kukukata tumbo? Kwa sababu ya jinsi upasuaji wenyewe unavyofanya kazi. Ule wa kawaida siku hizi wanaondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, kinabaki kifuko chembamba mithili ya ndizi. Ile sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Kwa hiyo miezi ya mwanzo njaa inapoa kweli, watu wanashangaa wamesahau kula mchana. Mwingine ni ule wa kuunganisha utumbo upya, chakula kinaruka sehemu ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Aina zote mbili zinamsaidia sana mwenye kisukari, wengine sukari inashuka kabla hata kilo hazijashuka. Mimi si mpinzani wa kisu, usinielewe vibaya. Kwa mtu wa kilo zako na sukari yako ni tiba yenye heshima zake.

Ila njaa ya saa tisa usiku haikai kwenye kile kipande wanachokata. Itaamka nawe, itakukuta na tumbo la ujazo wa kikombe cha chai. Ukishindilia ugali baridi utatapika. Ukitapika wiki kwa wiki unaishiwa vitamini B1, na hiyo ikiisha inadhuru ubongo, mtu anayumba na kusahau. Au, na hili ndilo la kawaida zaidi, utajifunza njia ya kupita: soda, aiskrimu, uji wenye sukari, karanga kidogo kidogo, kudonoa usiku kucha. Vyote hivyo vinateleza vizuri kwenye kifuko. Kilo zinashuka mwaka wa kwanza, zinasimama, halafu zinaanza kurudi, na kiwanja cha Kisesa hakirudi.

Bia. Hapa nitakuwa mkali kidogo. "Si nyingi" si kipimo, hata wewe huuzi dagaa kwa "si nyingi". Hesabu chupa za wikiendi nne zilizopita uandike. Baada ya upasuaji, hasa ule wa kuunganisha utumbo, pombe inafika kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi, chupa moja inafanya kazi ya mbili. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012, waliwafuatilia watu karibu 2,000. Wenye tatizo la pombe walikuwa asilimia 7.6 mwaka wa kabla ya kisu, 7.3 mwaka wa kwanza baada yake, halafu 9.6 mwaka wa pili. Angalia hapo: tatizo halikuja mtu akiwa bado na mshono, limekuja ameshapungua, amepongezwa, amenunua nguo mpya, na hakuna tena anayemfuatilia. Mtu aliyezoea kujifariji kwa chakula akifungiwa mlango huo anatafuta dirisha.

Na lile swali la kutamani kufa, ambalo najua lilikukera, wanaliuliza kwa sababu. Wengi wakipungua huzuni nayo inapungua, hilo ni kweli na ni furaha kuliona. Lakini huko Ontario, Canada, waliwaangalia wagonjwa zaidi ya 8,800, miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada, matokeo yakatoka 2015: waliofikishwa hospitali kwa kujidhuru waliongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu. Idadi yenyewe ni ndogo, kutoka kama wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka hadi kati ya watatu na wanne, na wengi wao walikuwa na historia ya ugonjwa wa akili kabla. Maana yake alama zilikuwepo, zingeweza kuulizwa. Kama kuna usiku hapo jikoni ambao uliwaza kumfuata mwanao, hilo liseme la kwanza, kabla ya bia na kabla ya kiporo, wala usisubiri tarehe ya Dar. Nenda hospitali ya Bugando kesho. Kliniki ya afya ya akili ipo, na kutoka kwako si mbali.

Mengine anayouliza ni mepesi, nitayapita haraka. Anataka kujua kama unaelewa kwamba vitamini na madini utameza maisha yako yote na si hadi mshono upone. Kwamba mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na uliza njia ya uzazi wa mpango, maana baada ya ule wa kuunganisha utumbo vidonge si vya kutegemea, na mwanamke akipungua uzazi unachangamka, wengi wamepata mimba wakidhani walishafunga ukurasa. Kwamba ngozi italegea. Kwamba hutafika kilo 60. Mtu wa kilo 124 akipungua theluthi moja au robo amefanikiwa sana, atakuwa na kilo themanini na kitu au tisini na kitu. Ukienda na picha yako ya kidato cha nne mfukoni, yule binti ana haki ya kukuzuia.

Kaka yako anakutakia mema, lakini hospitali isiyouliza imekuondolea tatizo lake, si lako. Kukata ni saa mbili. Kilichobaki ni miaka, na hiyo utaiishi Bugarika. Ukitapika mwezi wa pili utampigia nani, yule wa nje? Na kama kisu kinakutisha au muda haujafika, ujue pia kuna puto, wanaliweka tumboni kwa njia ya mdomo bila kukata na kulitoa baada ya miezi kama sita, hospitali ya Mloganzila kule Dar wanafanya. Si mbadala wa upasuaji kwa kilo zako, na puto nalo halijui kilichotokea 2019, lakini uliza.

Tufike kwa mzee mwenyewe.

Mumeo amekutajia hofu mbili, ngoma na kutokulishwa. Naona kuna ya tatu hajaitaja. Sweden wana utafiti mkubwa ulioanza 1987, na hesabu zilizotolewa 2018 zilionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wakiwa na wenza waliachana zaidi kuliko wanene wenzao wasiofanyiwa. Waliokuwa wapweke nao walipata wenza zaidi. Hajausoma huo utafiti, lakini mwanaume anajua. Anakuona ukiuza kiwanja, ukipanda ndege peke yako, ukirudi na maneno ya kitaalamu. Anajiuliza huyu akipata mwili mwingine atabaki na mimi? Ndiyo maana anachekesha habari za Mirembe. Wanaume wetu hofu wanaivalisha utani, na sisi tunaipokea kama tusi.

Kwa hiyo usiseme "mume ananiunga mkono". Sema haniungi. Halafu uliza kama unaweza kwenda naye. Wanasaikolojia wa kazi hii wamezoea kumwita mwenza, na kuna maneno ambayo mwanaume akiyasikia kwa mtu wa koti jeupe anayabeba, akiyasikia kwako anayaona kelele. Aelezwe yeye mwenyewe kwamba utakonda haraka, kwamba miezi minne mitano uso utasawajika na watu watasema. Mpange pamoja mtawajibu nini. Kuna mama wa Igoma alimwambia kila aliyeuliza, "Nimekatwa tumbo, kovu hili hapa," akafunua. Mtaa ulinyamaza wiki moja. Wewe si lazima ufike huko. Mama mkwe mwachie mwanawe.

Lakini kabla ya Dar kuna mtu wa nyumbani. Kuhusu ile simu na chupa ya chai, mumeo anajua? Mnalala kitanda kimoja, kilo 124 haziinuki saa tisa godoro lisijue. Nadhani anajua, amekaa kimya miaka yote hii, na mtoto alikuwa wake pia. Huenda naye ana ukuta wake anaoutazama.

Sasa ya kufanya. Mwombe yule binti wa Dar akuandikie barua ya rufaa ili vikao vingine uvifanyie hapa Bugando, usimalize pesa ya upasuaji kwenye nauli. Kwa wiki mbili andika kila unachoingiza mdomoni baada ya saa mbili usiku, na saa, na ulikuwa unawaza nini, hata kama ni "sijui". Tumia daftari lilelile la mzigo, nyuma. Usilipambe. Siku ya kikao kama ulimi utagoma kama ulivyogoma mara ile, usiseme neno, mfungulie ukurasa asome. Akikuuliza yale majibu ya kundi uliyapata wapi, cheka. Wao wanayajua, wanayasikia kila wiki kwa mpangilio uleule.

Kundi usitoke kwa kishindo, kuna siku utahitaji kujua nani anauza vitamini kwa bei ya haki. Linyamazishe tu.

Na tarehe zako zipange kwa mwezi. Vikao viweke wiki za mbalamwezi, kwanza Mwaloni hapana kazi, pili ndizo wiki zako mbaya, uwe na mahali pa kwenda mchana wake. Upasuaji wenyewe ukifika, omba uangukie mwanzo wa mbalamwezi vilevile, halafu mtafute mtu wa kukushikia meza giza litakaporudi, maana gunia hutaruhusiwa kuinua kwa wiki kadhaa, na nawafahamu wanawake wa Mwaloni, mtu ana mshono anasema "nishikie kona moja tu".